Mstari wa Tatu katika Majibu ya Baba

Karatasi ile ninayo hadi leo. Ina mistari mitatu ya tarakimu za chumvi za damu, sodiamu 132, potasiamu 3.6 na kloraidi 85, na chini yake kuna maneno niliyoyaandika kwa mkono wangu: sampuli imehemolaizi kidogo, yaani baadhi ya chembe nyekundu zimepasuka. Ni majibu ya damu ya baba yangu, niliyoipima mwenyewe jioni ya Alhamisi moja mwaka 2017 katika maabara niliyokuwa nikifanya kazi mjini Tanga. Alfajiri ya Jumamosi Baba hakuamka kwa ajili ya sala, na Mama alipokwenda kumgusa alimkuta amekwisha kuwa baridi.

Baba alikuwa fundi katika karakana ya reli mpaka alipostaafu, na kama wanaume wengi wa rika lake, alijua kwamba ana shinikizo la damu miaka mingi kabla ya kukubali kulitibu. Alimeza dawa kichwa kilipomuuma, akaziacha kilipotulia. Alipoanza kuvimba miguu na kulala akiwa ameegemea mito mitatu, kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kilionyesha kwamba moyo umetanuka na nguvu yake ya kusukuma damu imeshuka sana. Hali hiyo si ngeni katika nchi zetu. Utafiti uliofanywa katika hospitali 12 za nchi 9 za Afrika kusini mwa Sahara, zikiwemo Kenya na Uganda, na kuchapishwa mwaka 2012, ulihusu wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa sababu moyo umeshindwa kufanya kazi yake ipasavyo. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52 tu, na chanzo kikuu kilikuwa shinikizo la damu, si kuziba kwa mishipa ya moyo kama inavyoonekana zaidi Ulaya na Marekani.

Aliandikiwa enalaprili ya kushusha shinikizo, digoksini ya kuupa moyo nguvu ya kupiga, na furosemaidi ya kutoa maji yaliyozidi kwa njia ya mkojo, ambayo nyumbani tuliizoea kwa jina la dawa ya maji. Hakuna dawa tuliyoishukuru kama hiyo. Katika wiki mbili za kwanza miguu ilinywea, akaanza kutembea hadi msikitini, akarudi kulala kwa mto mmoja. Kila uvimbe uliporejea kipimo kilipandishwa, mpaka akafikia kumeza vidonge asubuhi na tena mchana. Mama alimpikia bila chumvi kabisa. Kaka yangu mkubwa, aliyeambiwa kliniki kwamba dawa ya maji hutoa potasiamu mwilini, hakuingia nyumbani bila shazi la ndizi mbivu. Sote tulikuwa tunamtunza kwa bidii, na kila tulichokifanya kilikuwa na sababu.

Jambo ambalo hatukuambiwa, na ambalo mimi mwenye cheti cha maabara nilipaswa kulikumbuka, ni kwamba furosemaidi hufanya kazi kwa kufunga mlango mmoja mahususi katika figo. Mlango huo kwa kawaida hurudisha mwilini chumvi iliyochujwa, na kila unapozunguka hupitisha sodiamu moja, potasiamu moja na kloraidi mbili. Ukifungwa, kloraidi nyingi hutoka na mkojo. Sodiamu na potasiamu zina watu wa kuzitetea, kloraidi haina. Hata sisi tunaoipima kila siku tuliichukulia kama msindikizaji wa sodiamu, tarakimu ambayo mashine huitoa kwa sababu tu imetengenezwa kuitoa.

Wiki ile ya mwisho Baba alitapika kwa siku tatu. Tulidhani ni chakula, na hakuna aliyewaza kwamba kutapika kunaweza kuwa dalili ya digoksini kuzidi mwilini, wala kwamba tindikali ya tumboni ni kloraidi tupu iliyoungana na haidrojeni, kwa hiyo kila alipotapika alikuwa anapoteza kile kile ambacho dawa ya maji ilikuwa ikikitoa kwa njia nyingine. Alhamisi alipelekwa kutolewa damu. Mishipa yake ilikuwa migumu kuipata, mpira ulifungwa mkononi kwa muda mrefu, na sindano ilichomwa mara mbili. Sampuli iliponifikia na kuzungushwa kwenye mashine, seramu, yaani maji ya damu yanayobaki juu ya chembe, haikuwa na rangi yake ya kimanjano. Ilikuwa na wekundu hafifu, kama maji yaliyooshewa kitambaa kipya cha rangi.

Nilijua maana yake. Chembe nyekundu za damu hubeba potasiamu zaidi ya mara 20 ya ile iliyomo katika maji ya damu, na zinapopasuka humwaga potasiamu hiyo kwenye sampuli, hivyo mashine husoma kiwango kilicho juu kuliko kile kinachozunguka mwilini mwa mgonjwa. Kanuni ilikuwa kuandika tahadhari na kuomba sampuli nyingine. Niliandika tahadhari. Sampuli nyingine sikuiomba, kwa sababu ilikuwa imefika magharibi, Baba alikuwa amechoka, na nilikuwa nimeona tarakimu niliyoitaka: potasiamu 3.6, juu kidogo ya mpaka wa chini wa 3.5. Nilimpigia simu kaka yangu nikamwambia, "Potasiamu ipo sawa, kaka, msiwe na wasiwasi." Kaka aliniuliza kama kuna kingine. Nilitazama mstari wa tatu, nikaona kloraidi 85 wakati kiwango cha kawaida ni kati ya 98 na 107, na nikasema hakuna kingine. Katika orodha ya majibu ya hatari iliyobandikwa ukutani, yale ambayo ni lazima daktari apigiwe simu mara moja, kloraidi haikuwemo.

Tulimzika Jumamosi baada ya adhuhuri. Msibani kila mtu alikuwa na maelezo yake. Wapo waliosema presha ilipanda usiku, wapo waliosema moyo ulichoka, na shangazi yangu mmoja alitaja kwa sauti ya chini watu waliokuwa na kinyongo naye tangu enzi za karakana. Sikumlaumu shangazi. Mtu aliyekula chakula cha usiku, akaongea na wajukuu, akaaga kwenda kulala na asiamke, huacha nyumba nzima ikitafuta mkono uliomchukua.

Madaktari huita kifo cha ghafla cha moyo pale mtu anapokufa ndani ya saa moja tangu dalili zianze, au, ikiwa hakuna aliyeshuhudia, pale alipoonekana mzima ndani ya saa 24 zilizotangulia. Mara nyingi si kwamba moyo umechoka. Umeme wake umevurugika: vyumba vya chini huacha kupiga kwa mpangilio na kuanza kutetemeka, na damu haisukumwi tena. Nilishangaa kusoma kwamba kifo cha namna hii huwapata hata wagonjwa wa moyo wanaoonekana wana nafuu. Katika jaribio kubwa la dawa ya metoprololi lililochapishwa mwaka 1999, karibu theluthi mbili ya vifo vya wagonjwa wenye dalili nyepesi vilikuwa vya ghafla, ilhali kwa waliokuwa hoi kabisa wengi walikufa kwa moyo kuzidi kudhoofika. Baba alikuwa anatembea kwenda msikitini.

Miezi kadhaa baadaye niliitoa karatasi ile nikaifanyia hesabu ambayo ningeweza kuifanya Alhamisi ile kwa nusu dakika. Kwa mtu mzima mwenye sodiamu 140 na kloraidi 104, tofauti ni 36. Sodiamu ikishuka kwa sababu tu maji yamezidi mwilini, kloraidi hushuka nayo kwa uwiano ule ule. Kwa sodiamu ya 132 ningetarajia kloraidi ya 98 hivi. Baba alikuwa na 85. Tofauti yake na sodiamu ilikuwa 47, na pengo hilo lazima lijazwe na kitu chenye chaji hasi, ambacho kwa mgonjwa wa dawa ya maji anayetapika karibu kila mara ni bikaboneti, chumvi ya damu inayopunguza makali ya tindikali. Maabara yetu haikuwa na kipimo cha bikaboneti wala cha gesi za damu, lakini kwa kutoa tu namba moja kutoka nyingine karatasi ile ilikuwa inasema kwamba damu ya Baba imekuwa na alikali, kinyume cha tindikali, kupita kiasi. Hesabu hii haichukui nafasi ya kipimo cha gesi za damu, na hupotosha pale ambapo protini ya albumini imeshuka sana au kuna tindikali nyingine, lakini kwa hospitali isiyo na kingine ni taa ya kutosha kuonyesha njia.

Kilichoniumiza zaidi ni kuelewa kilichofuata kutoka hapo. Mwili wenye alikali nyingi husukuma potasiamu iingie ndani ya chembe, na figo huendelea kuitoa nje pamoja na magnesiamu. Mtu mwenye pengo la 47 hatarajiwi kuwa na potasiamu ya 3.6. Yaani mstari wa tatu ulikuwa unauambia mstari wa pili kwamba unasema uongo, na rangi ya seramu ilikuwa inaunga mkono ushahidi huo. Kloraidi haiongezwi na kupasuka kwa chembe nyekundu, kwa kuwa ndani ya chembe hizo imo kidogo kuliko nje. Katika sampuli ile iliyoharibika, tarakimu niliyoiruka ndiyo iliyokuwa ya kuaminika.

Na hatari ya potasiamu ya chini kwa mtu kama Baba haihitaji utafiti mpya kuithibitisha. Misuli ya moyo huchelewa kujichaji upya baada ya kila pigo, na katika kuchelewa huko ndipo mapigo ya ovyo huzaliwa. Magnesiamu ikiwa chini nayo, hali huwa mbaya zaidi. Digoksini hushika pampu ya sodiamu, ile inayotoa sodiamu nje ya chembe na kuingiza potasiamu, mahali pale pale ambapo potasiamu hushindania, kwa hiyo potasiamu ikipungua, dozi ile ile ya digoksini hugeuka kuwa kubwa mno.

Nilijifunza pia kwa nini ndizi za kaka hazikutosha. Potasiamu ya matunda huja imeambatana na chumvi za asidi za mimea, ambazo mwili huzigeuza kuwa bikaboneti, na mtu huyu tayari bikaboneti imemzidi. Figo iliyokosa kloraidi haina cha kubadilishana nayo ili iitoe bikaboneti nje, na hali hiyo inapoendelea potasiamu huzidi kupotea. Ndiyo sababu hospitali hutoa potasiamu ya kloraidi. Miaka yote niliyoyasoma maneno hayo mawili kwenye chupa nilidhani la pili ni jina la ukoo tu. Kumbe nayo ni dawa. Niseme wazi hapa, kwa kuwa ndugu wa wagonjwa husoma na kutenda: vidonge au sindano za potasiamu ya kloraidi hazinunuliwi dukani na kutumiwa bila vipimo, maana potasiamu ikizidi husimamisha moyo vilevile, na chumvi ya mezani haiongezwi kwa mgonjwa wa moyo aliyevimba kwa sababu mtu amesoma habari za kloraidi. Kwa uzito, takriban asilimia 60 ya chumvi ni kloraidi, lakini sodiamu iliyo ndani yake ndiyo inayomjaza maji. Namna ya kurudisha kimoja bila kingine ni uamuzi wa daktari aliyeshika majibu mkononi.

Tafiti zenyewe nilizisoma polepole, usiku, baada ya zamu. Ule ulionisimamisha ulitoka Glasgow, Uskochi, mwaka 2013, ambako karibu wagonjwa 13,000 wa kliniki ya shinikizo la damu walikuwa wamefuatiliwa kwa miongo kadhaa; waliokuwa na kloraidi chini ya 100 walikufa kwa wingi zaidi, hata baada ya kuzingatia sodiamu, potasiamu na bikaboneti zao. Mwaka 2015 watafiti wa Cleveland, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa zaidi ya 1,300 waliolazwa kwa moyo kuzidiwa. Tangu zamani ilijulikana kwamba sodiamu ya chini ni dalili mbaya kwa wagonjwa hao. Watafiti hawa walipoiweka kloraidi katika hesabu ile ile, sodiamu ilipoteza uzito wake na kloraidi ikabaki. Wengine walieleza kwamba kloraidi si abiria ndani ya figo. Kuna chembe maalumu zinazoionja, na zikiikosa huamrisha homoni ya renini imwagwe, ambayo mwisho wake ni mwili kushikilia chumvi na maji. Kwa maneno mengine, dawa ya maji iliyoondoa kloraidi nyingi huanza kushindwa na kloraidi ile ile iliyoiondoa. Nilikumbuka jinsi vidonge vya Baba vilivyoongezwa mara kwa mara.

Hata hivyo lazima niheshimu mpaka wa ninachokijua. Tafiti za Glasgow na Cleveland zilihesabu vifo vya kila sababu, si vya ghafla peke yake, na zilionyesha kuambatana, si kusababisha. Huenda kloraidi ya chini ni alama tu ya mtu aliyemeza dawa nyingi kwa sababu anaumwa zaidi. Jaribio la Ubelgiji lililochapishwa mwaka 2022, lenye wagonjwa 519, liliongeza asetazolamaidi juu ya dawa ya maji. Hii ni dawa ambayo wengi wetu tunaifahamu kutoka kliniki za macho, na hufanya figo itoe bikaboneti na kubakiza kloraidi. Maji yaliyozidi mwilini yaliwatoka wagonjwa haraka zaidi, lakini vifo havikupungua kwa kiwango kinachothibitika. Ushahidi unaoigusa kloraidi na umeme wa moyo moja kwa moja nimeuona mahali pengine: mwaka 2017, mwaka ule ule aliokufa Baba, watafiti wa Denmark walieleza familia zenye kasoro ya kurithi katika protini inayobadilishana kloraidi na bikaboneti kwenye chembe za moyo. Protini hiyo ikilegea, kloraidi hupungua ndani ya chembe, alikali hupanda, na muda wa moyo kujichaji unafupika kiasi cha kuhatarisha maisha. Ni ugonjwa adimu na Baba hakuwa nao. Lakini ulinitosha kuacha kusema kwamba kloraidi haina kazi moyoni.

Kaka aliwahi kuniuliza, tukiwa wawili tu, kama kloraidi ndiyo iliyomwua Baba. Nilimwambia kwamba hakuna anayeweza kujua. Maiti haikupasuliwa, na hata damu ingechukuliwa asubuhi ile isingesaidia, kwa sababu baada ya kufa potasiamu huvuja kutoka kwenye chembe na kloraidi huingia, na tarakimu zote za damu huharibika. Wachunguzi wa vifo hulazimika kutumia maji ya ndani ya jicho. Nilimwambia pia jambo la pili, ambalo lilikuwa gumu zaidi kutamka: kwamba Alhamisi ile kulikuwa na sababu tosha ya kurudia sampuli, kumrudisha Baba hospitali usiku ule ule, kupima umeme wa moyo wake na kusimamisha digoksini, na kwamba sababu hiyo ilikuwa mbele ya macho yangu. Kaka alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniomba nimwonyeshe ile karatasi, na nikamfundisha kutoa 85 kwenye 132.

Kazini nilianza na jambo dogo. Kila majibu ya mgonjwa wa dawa ya maji ninayoyapitisha, natoa kloraidi kwenye sodiamu, na tofauti ikizidi 42 nampigia daktari wa zamu hata kama potasiamu imesomeka vizuri. Kiwango hicho nimekichagua mwenyewe kwa tahadhari, hakikutoka kitabuni. Mwanzoni simu hizo hazikupendwa. Daktari mmoja kijana aliniambia kwa upole kwamba hakuwahi kufundishwa kuisoma kloraidi peke yake, nami nikamjibu kwamba hata mimi sikuwahi. Sampuli iliyoingia wekundu siipitishi tena kwa maandishi ya tahadhari. Naomba nyingine, na mishipa ikiwa migumu naenda wodini mwenyewe, nalegeza mpira mara damu inapoingia, na namwomba mgonjwa asikunjekunje ngumi, kwa kuwa nako hupandisha potasiamu ya bandia. Kuna mama mmoja aliyesomeka 3.7 kwenye sampuli nyekundu, pengo 46. Tulipomtoa damu tena vizuri alikuwa na 2.6, na walikuwa tayari wamemwandalia ruhusa ya kwenda nyumbani.

Kaka sasa naye anatibiwa shinikizo la damu, kwa dawa ya maji ya aina nyepesi, na kila baada ya miezi mitatu hupima. Zamani alikuwa akinitumia ujumbe wa tarakimu moja, potasiamu. Wiki iliyopita alituma zote tatu, 138, 4.1 na 101, na kabla sijajibu alikuwa ameshaandika ya nne mwenyewe: 37.